Rangi ya zambarau katika chumba cha kulia

Kati ya rangi zinazouzwa madukani, ni chache zinazodanganya macho kama zambarau. Mchana yaonekana hivi, magharibi yaonekana vingine, na usiku chini ya taa yageuka tena. Mtu aliyeichagua adhuhuri, kwa kutazama kipande cha karatasi mlangoni pa duka, huikuta nyumbani kwake jioni kama rangi ngeni ambayo hakuinunua. Na chumba cha kulia, kwa jamaa nyingi, ni chumba cha usiku. Ndipo baba, mama na watoto wanapokutana baada ya kazi na shule, chakula kikiwa mezani na taa ikiwa imewashwa. Basi neno letu la leo ni hili: mwenye kutaka zambarau katika chumba cha kulia asiichague dukani wala mchana. Aichague ukutani, saa ya chakula.

Jambo hili si dogo kama linavyodhaniwa. Madebe ya rangi yanakula sehemu kubwa ya mshahara, na ukuta uliopakwa vibaya utatazamwa kila siku kwa miaka mingi. Chumba chenye giza hufukuza watu. Kila mmoja huchukua sahani yake na kwenda kula peke yake. Chumba chenye nuru njema huwafanya wakae, wazungumze, na watoto wasikie habari za wazee wao. Kwa hiyo yafaa tulifahamu jambo hili kabla ya kufungua mfuko.

Zambarau ni rangi gani?

Lugha yetu imeiita rangi hii kwa jina la tunda la mzambarau. Wengine huiita urujuani, na wenye maduka wa kwetu Kongo, wakifuata Kifaransa, husema vyoleti au movu. Lakini jina moja lakusanya rangi nyingi zisizofanana. Kuna zambarau nzito kama ngozi ya biringani. Kuna ile yenye wekundu kama ganda la marakuja lililoiva. Kuna ile iliyofifia kama ganda la kitunguu chekundu, na ile nyepesi kama maua ya jakaranda yanayotandaza njia za Lubumbashi mvua inapokaribia. Anayemwambia fundi “nipakie zambarau” bila kumwonyesha ni ipi, asishangae akipakiwa asiyoitaka.

Kwa nini inageuka-geuka? Mwingereza Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1704, alieleza jinsi mwanga wa jua unavyogawanyika ukipita katika kioo cha pembe tatu: wekundu upande mmoja, urujuani upande wa pili, kama katika upinde wa mvua. Lakini zambarau ya ukutani kwa kawaida si ule urujuani mtupu wa pembeni mwa upinde. Ukuta wa zambarau huturudishia macho nyekundu na buluu kwa pamoja. Basi ni rangi yenye wazazi wawili. Mwanga ukiwa na wekundu mwingi, mzazi mwekundu hujitokeza. Mwanga ukiwa na ubuluu mwingi, yule wa buluu hutawala. Hiyo ndiyo siri yake yote.

Zamani ilikuwa ya wafalme

Watu wa kale waliipata zambarau kwa taabu kubwa. Katika mwambao wa Tiro na Sidoni, katika nchi ambayo leo ni Lebanoni, wavuvi walikusanya konokono wa baharini na kutoa ndani yao maji yaliyogeuka rangi. Mwaka 1909 mtaalamu wa kemia Paul Friedländer alitumia konokono 12.000 ili kuichunguza rangi hiyo, akapata gramu 1,4 tu, uzito usiofika robo ya kijiko cha chumvi! Twaelewa kwa nini vazi la zambarau lilikuwa la wenye enzi na matajiri. Huko Konstantinopoli, ndani ya jumba la kifalme, kulikuwa na chumba kilichopambwa kwa jiwe la zambarau, na humo wake wa makaisari walijifungua watoto wao. Kaisari Konstantino wa Saba, aliyekufa mwaka 959, ajulikana mpaka leo kwa jina la Porphyrogennetos, maana yake “aliyezaliwa katika zambarau”.

Mambo yaligeuka mwaka 1856. Kijana wa Uingereza, William Henry Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa akijaribu nyumbani kwao, London, kutengeneza kwinini kwa lami ya makaa ya mawe. Kwinini ilitafutwa sana kwa sababu ya malaria, nayo ilitoka katika maganda ya mti tu. Ndiyo miti ile ile iliyopandwa Kivu wakati wa Wabelgiji. Perkin hakupata kwinini. Alipata uchafu mweusi chomboni, na alipousafisha kwa pombe kali aliona rangi ya zambarau inayoshika vizuri katika hariri. Akafungua kiwanda, na kwa miaka michache rangi ya wafalme ikawa ya kila mtu. Rangi nyingi za zambarau za ukutani leo nazo ni kazi ya viwanda vya kemia, si ya konokono. Uhaba umekwisha, lililobaki ni kuchagua kwa akili.

Je, si rangi ya Kwaresima?

Mkristo mmoja aweza kuuliza: “Mbona hii ni rangi ya mavazi ya padri wakati wa Majilio na Kwaresima? Yafaaje mahali pa kula na kufurahi?” Swali ni la haki. Lakini sheria ya rangi za mavazi ni ya ibada, haifungi kuta za nyumba. Tena Maandiko yenyewe yaonyesha zambarau katika nyumba za namna mbili. Katika Injili ya Luka, tajiri aliyevaa zambarau alikula vizuri kila siku, naye maskini Lazaro alilala mlangoni pake. Katika Matendo ya Mitume, Lidia wa Tiatira, mwanamke aliyefanya biashara ya zambarau, aliwasihi Paulo na wenzake waingie nyumbani mwake huko Filipi, wakaingia. Rangi ni ile ile. Mlango mmoja ulifungwa na mwingine ulifunguliwa. Basi rangi peke yake haina dhambi wala fadhila.

Mwanga wa kwetu

Vitabu vya Ulaya vyafundisha habari za madirisha ya kaskazini na kusini. Kwetu karibu na Ikweta, yenye maana zaidi ni mashariki na magharibi. Chumba chenye dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi, kisha hukaa katika kivuli mchana kutwa. Chumba cha magharibi hupigwa na jua la jioni, lenye rangi ya machungwa, na hapo zambarau yenye wekundu huwaka mpaka ikaelekea kahawia. Katika chumba kama hicho yafaa zambarau iliyoelekea buluu kidogo.

Kisha jua huzama upesi, na jicho lenyewe hubadilika. Mtaalamu wa Bohemia, Jan Evangelista Purkyně, aliandika mwaka 1825 kwamba giza linapoingia, wekundu hufifia kwanza machoni petu, na buluu hubaki ikionekana. Ndiyo maana ukuta wa zambarau katika chumba kisichowashwa taa huonekana saa ile kuwa wa buluu nzito, karibu na weusi.

Taa ikiwashwa, mambo yategemea taa ya namna gani. Mshumaa na taa ya mafuta hutoa mwanga wa manjano uliopungukiwa na buluu. Chini yake zambarau hupoteza mzazi mmoja, ikawa kama damu ya mzee au udongo wa kahawia. Taa za umeme za siku hizi, zile za LED, zina hesabu iliyoandikwa juu ya sanduku. Iliyoandikwa 2700 K au 3000 K ina mwanga wa manjano wenye joto. Iliyoandikwa 6500 K ina mwanga mweupe wenye ubuluu, na taa nyingi ndogo za jua hufanana nayo. Chini ya taa hiyo ya pili, zambarau hupoa, na nyama na samaki huonekana wamepauka. Kwa meza ya chakula twashauri 2700 K au 3000 K. Tena kama sanduku lina alama ya IRC au CRI, chagueni taa yenye 80 au zaidi. Hiyo huonyesha rangi za vitu karibu na ukweli wake.

Mwisho, fikirini ni mwanga kiasi gani ukuta unaomeza. Kadi nyingine za rangi huandika hesabu toka 0 hadi 100, yaani sehemu ya mwanga ambayo rangi huirudisha chumbani. Nyeupe safi hupita 80. Zambarau ya biringani haifiki 10. Mwenye taa moja ndogo akipaka kuta nne kwa rangi ya biringani, hataona miiba ya samaki wake.

Rangi na majirani zake

Mfaransa Michel-Eugène Chevreul, aliyesimamia kazi ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, alitoa mwaka 1839 kitabu kikubwa juu ya jambo moja: rangi haionekani kamwe peke yake, jirani yake huigeuza. Rangi mbili zinazopingana zikiwekwa pamoja, kila moja humtia mwenzake nguvu. Mpinzani wa zambarau ni manjano.

Matokeo yake mezani ni haya. Meza ya mbao yenye umanjano huonekana kama dhahabu mbele ya ukuta wa zambarau. Ndizi mbivu, nanasi na mchuzi wa mawese hupendeza. Lakini bukari nyeupe na kitambaa cheupe cha meza, vikiwa karibu sana na ukuta mzito, huonekana kama vimeingiwa na umanjano, na mama wa nyumba ataonewa kwamba hakufua vizuri. Dawa yake ni kuacha nafasi ya nyeupe iliyoelekea maziwa kati ya zambarau na meza, au kupaka rangi nzito mahali pasipogusa meza. Na dari ibaki nyeupe, ili iturudishie mwanga wa taa.

Baba na mama wasipopatana

Tuweke mfano. Mume amependa zambarau nzito aliyoiona katika hoteli ya mjini. Mke amependa ile nyepesi ya jakaranda. Mke asema, “Baba watoto, hiyo yako itatutia gizani.” Mume ajibu, “Mama watoto, na hiyo yako ni ya chumba cha mtoto mchanga.” Wakibishana kwa maneno, atashinda mwenye sauti kubwa, na ukuta utakaa na hasira za aliyeshindwa. Wafanye hivi.

Wanunue madebe madogo kabisa ya rangi tatu: moja yenye wekundu, moja yenye ubuluu, moja iliyofifia kwa ukijivu. Wachukue makatoni matatu, kila moja upana wa sentimita 50 au zaidi, wayapake mara mbili na kuacha ukingo mweupe pande zote, ili rangi ya zamani ya ukuta isidanganye jicho. Wayasimamishe kwanza kwenye ukuta unaotazama dirisha, kisha kwenye ukuta wa dirisha lenyewe, kwani kuta hizo mbili hazipati mwanga sawa. Wayatazame asubuhi, saa jua linapozama, na hasa usiku wanapokula, sahani zikiwa mezani na taa ile ile ya kila siku ikiwaka. Wafanye hivyo siku tatu. Watoto nao waulizwe, maana ni watu wa meza hiyo.

Wakumbuke pia kwamba rangi iliyoenea kuta nne huonekana nzito kuliko katika kadi, kwa kuwa kuta huangaziana. Mwenye kusitasita kati ya mbili, achukue iliyo nyepesi zaidi.

Na mara nyingi patapatikana njia ya kuwapatanisha, nayo yajulikana sana katika nyumba za kwetu: sehemu ya chini ya ukuta, kimo cha meta moja, ipakwe rangi nzito, sehemu ya juu ipakwe nyepesi. Chini ndipo mikono ya watoto, migongo ya viti na matone ya mchuzi yanapogusa. Hapo itumike rangi inayovumilia kusuguliwa kwa maji na sabuni, isiyo ya kufifia kabisa wala ya kung’aa kama kioo. Hivi baba amepata zambarau yake nzito, mama amepata nuru yake.

Hesabu kabla ya duka

Chumba chenye urefu wa meta 4, upana wa meta 3 na kimo cha meta 2,6 kina mzunguko wa meta 14. Zidisheni kwa 2,6: kuta zina meta za mraba 36,4. Ondoeni mlango na madirisha, tuseme meta 4,4; zabaki 32. Litre moja ya rangi, juu ya ukuta laini, hutosha kadiri ya meta za mraba 10 kwa kupaka mara moja. Kila sehemu hupakwa mara mbili. Sehemu ya chini, ukitoa mlango, ina kama meta 13. Kwa mara mbili ni 26, basi litre 3 zatosha. Sehemu ya juu ina meta 19. Kwa mara mbili ni 38, basi litre 4. Nunueni zote siku moja, mzichanganye katika ndoo moja, kwani debe na debe hazilingani kila mara, na katika zambarau tofauti ndogo huonekana upesi.

Asiye na fedha za rangi ya dukani asikate tamaa. Chokaa iliyozimwa ikitiwa buluu ya unga na unga mwekundu wa oksidi ya chuma, ule watu wautiao katika saruji ya sakafu, hutoa zambarau tulivu ya kijivu, yenye heshima kabisa. Unga wa rangi usipite sehemu moja ya kumi ya uzito wa chokaa, la sivyo utatoka na nguo. Jaribuni kwanza kipande kidogo, mngoje kikauke, kwa sababu chokaa mbichi ni nzito na ikikauka hupauka sana. Si kila buluu inavumilia chokaa. Jaribio hilo litawaambia. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, nayo huunguza macho: mpakaji ajikinge, na watoto wakae mbali.

Jihadharini na risasi

Hapa hatuna budi kusema kwa nguvu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na baadhi ya rangi zinazouzwa duniani zingali nayo. Mwaka 1921 mkutano wa kimataifa wa kazi, Geneva, ulikubali mapatano ya kuzuia risasi nyeupe katika upakaji wa ndani ya nyumba, kwani mafundi walikuwa wakiumwa. Leo Shirika la Afya Ulimwenguni latangaza kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo: hutambaa, hutia vidole mdomoni, na sumu hiyo huharibu ubongo unaokua, hata wakachelewa katika masomo. Ubaya huo haurudishwi nyuma kwa dawa.

Basi someni debe: litafuteni neno “sans plomb”, yaani pasipo risasi, na msinunue rangi iliyohamishiwa chupa isiyo na jina. Rangi ya zamani isikwanguliwe kavu wala kuchomwa kwa moto. Ilowekwe maji kwanza, vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji, na mabaki yafungwe na kutupwa mbali na watoto na kuku. Vyombo vyote vya kulia vitolewe kabla ya kazi. Na chumba kikiisha kupakwa, madirisha yaachwe wazi, jamaa wale mahali pengine hata harufu itoke kabisa.

Kisha rudisheni meza mahali pake, washeni taa mliyoichagua, mpakue. Mgeni akipiga hodi saa hiyo, aongezewe kiti.